Mlango wa Upande wa Pili

Treni ya abiria katika mji wetu niliirudisha mimi. Anayebisha abishe, lakini siku mkuu wa reli alipokata utepe, nani alikuwa amesimama nyuma yake? Mimi. Nilisimama pale kwa sababu alikuwa amekanyaga ufagio wangu, nami nilikuwa nangoja amalize hotuba aondoe mguu. Kazi yangu ni kufagia stesheni. Niliipata kwa kupunguza umri kidogo. Kijana wa ofisini alinitazama usoni, akaona heshima ni kunyamaza.

Lakini kisa hiki si changu, ni cha kaka yangu.

Kaka tunamwita Filimbi. Alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na kupuliza filimbi gari linapotaka kuondoka. Treni za abiria zilipofutwa ikabaki ya mizigo tu, inayopita inapojisikia na saruji yake, bila hata salamu. Kaka akastaafishwa. Yeye mgane, mimi mjane, tukabaki katika nyumba ileile ya reli, vyumba viwili na jiko, tukigombania redio.

Ana mtoto mmoja, binti. Na huyu binti, katika wanaume wote waliojaa duniani, akampenda dereva wa lori. Kwa kaka, malori ndiyo yaliyoila treni yake. "Afadhali angeniletea mwizi," alisema. "Mwizi huiba mara moja akaenda zake."

Binti akaolewa huko mwisho wa reli, baba hakwenda. Sababu? Hakuna treni. Wajukuu wakazaliwa. Hakuna treni. Mabasi yapo, yanazunguka milima na yanatapisha, lakini yanafika. Kaka akaapa hapandi basi, maana mtu wa reli kupanda basi ni sawa na kwenda kumshangilia aliyekupiga.

Kisha yule dereva akafa. Si ajali, tumbo tu. Mimi nilipanda basi, nikatapika njia nzima, nikafika, nikazika. Pale msibani watu wakaniuliza, "Baba wa mfiwa yuko wapi?" Binti akawajibu kabla yangu, bila kuinua macho: "Hakuna treni."

Niliporudi nilimweleza kaka jinsi neno hilo lilivyosemwa. Alitoka akakaa kwenye ngazi, akaitazama reli mpaka mimi nikachoka kumtazama yeye. Tangu siku hiyo wimbo ukabadilika: "Treni ikirudi nitakwenda. Ikirudi tu, nakwenda kumwomba radhi mwanangu." Alisema hivyo akijua, kama tulivyojua sote, kwamba haitarudi.

Ikarudi.

Mabehewa mawili ya zamani yaliyopakwa rangi mpya, kama mimi siku ya harusi. Kaka akasema tungoje kwanza breki zizoee. Breki zikazoea, goti likaanza kuuma. Goti likapona, akasingizia mvua, na juu hakukuwa na wingu. Fundi viatu anayekaa mkabala na stesheni akapata kazi ya pili, ya kumtania.

"Mzee Filimbi, treni inakuulizia!"

"Iambie nipo."

"Inasema imechoka kuambiwa."

Mwishowe akakata tiketi. Jioni hiyo aliingia na kifurushi kwapani, akakisukuma chini ya mto. Nami nikakivuta mbele ya macho yake. Viatu vya mtoto, vyekundu, vya kufunga kwa kifungo.

"Vya nani hivi?"

"Vya yule mjukuu mdogo. Unadhani vitamtosha?"

"Kaka, yule mdogo ana ndevu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye alicheka, kidogo. Kisha akavitazama vile viatu, viwili vimekaa kwenye kiganja kimoja na nafasi ikabaki, na kicheko kikamtoka usoni. Ningekuwa na akili ningenyamaza mapema.

Asubuhi nilimsindikiza mwenyewe, koti limepigwa pasi, kidevu kimenyolewa. Nikamwona anapanda behewa la nyuma, nikamwona anakaa. Nikaenda kumwaga taka nyuma ya choo, na niliporudi gari lilikuwa linaondoka. Nikapunga mkono. Dirishani mkono mmoja ukanipungia. Nikafuta machozi na vumbi pamoja. Kumbe mkono wa kwenye treni hauna uso. Mpaka leo sijui nilimpungia nani.

Siku nzima nilifagia nikiimba. Dada anayekata tiketi akatoa kichwa kwenye kidirisha chake. "Bibi, umeposwa?"

"Nimeposwa, nangoja mahari. Wewe kata tiketi."

Jioni treni ikarudi. Nikasimama na ufagio wangu, nikilitafuta koti la kaka miongoni mwa walioshuka. Koti sikuliona. Nikamwona mwanamke wa makamo, amekonda, ana begi dogo, anaangaza huku na huku kama mtu aliyepotelewa na njia ya kwao.

"Shangazi!"

Alikuwa binti yake. Tukakumbatiana, ufagio katikati yetu.

"Na baba yako? Amebaki kwako?"

"Abaki kwangu vipi, shangazi? Mimi ndiye nimekuja kumwona. Tangu treni ianze kila siku naenda stesheni, natazama wanaoshuka. Nikasema labda mzee hana nguvu tena. Anaumwa?"

Hapo akili yangu ya shule ya msingi ikapiga hesabu. Behewa lina mlango wa upande huu, wa abiria. Lina na mlango wa upande wa pili, unaoshukia kwenye kokoto, ukivuka reli unaingia ghala la mizigo. Abiria hana habari nao. Gadi amepandia na kushukia hapo maisha yake yote.

"Haumwi," nikamwambia. "Twende, utamwona."

Nyumbani nikamkalisha chumbani kwangu, nyuma ya pazia, nikampa chai. Viatu vyake nikavisukuma uvunguni. "Kaa kimya kidogo tu," nikamwambia. Nilitaka tumcheke. Naapa, sikutaka zaidi ya hapo.

Kaka akaingia taa zimeshawashwa. Koti ni lile la asubuhi, lakini mabegani na magotini limejaa saruji, kama la mtu aliyelala juu ya magunia.

"Umerudi, kaka?"

"Nimerudi. Safari ndefu, mdogo wangu. Hebu nipe maji."

"Umemkuta?"

"Nimemkuta." Akakaa, akainama kufungua kamba za viatu.

"Anaendeleaje?"

"Mzima kabisa. Amenenepa."

Nyuma ya pazia kikombe kikagonga kisahani.

"Paka," nikasema. Hatuna paka.

"Na vile viatu vyekundu?" nikauliza.

"Nimeviacha kule. Wamevicheka sana."

Hapo ningeweza kumkonyeza. Mtu wa maana angemkonyeza. Lakini ulimi wangu umezoea kumchokoza kaka tangu utoto, ukanitangulia.

"Na lile neno ulilokwendea, umelisema?"

Mkono wake ukasimama kwenye kamba ya kiatu. Nilidhani atakiri, tucheke, yaishe. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia, na alipoanza, sauti haikuwa ya mtu anayedanganya.

"Nilimwambia, mwanangu, mabasi yalikuwepo. Siku uliyomzika mumeo mabasi yalikuwepo, mimi ndiye sikuwepo. Nilimchukia bure yule kijana. Kila dereva aliyepita huku, kijana yule alimpa salamu aniletee, na mimi sikurudisha hata moja. Hakuua reli yeye. Alikuwa anatafuta riziki tu, kama mimi. Nikamwambia, nilikuacha ukasimama peke yako kaburini, nikawa nakaa kwenye ngazi natazama vyuma. Nikamwambia hivyo, mdogo wangu. Nikapiga magoti."

Akayapangusa yale magoti, na saruji ikapanda hewani kati yetu.

Sikucheka. Pazia lilikuwa limetulia kabisa, hata kikombe hakisikiki.

"Naye akasemaje?" nikauliza, na safari hii sikuuliza kwa uchokozi.

Kaka akaangalia sakafu, kama jibu limeangukia hapo na haoni vizuri.

"Akaninyanyua," akasema. "Akasema, baba, yamekwisha, mimi nilishakusamehe zamani."

Pazia likasogea. Binti alikuwa amesimama mlangoni peku, kikombe bado mkononi, uso umelowa.

"Sijasema hivyo, baba," akasema.