Kiapo cha Barafu ya Kibo

Nimeuza maji ya barafu Kariakoo tangu mwaka wa Azimio, kwenye baraza la duka la Melkiori, Mchaga tuliyemwita Mangi kama wenye maduka wenzake. Kila asubuhi nafika na bonge langu limeviringishwa gunia na unga wa mbao, nikijua fika kwamba jioni halitakuwepo. Kwa hiyo mtu akiapa kwa barafu, mimi hucheka.

Melkiori aliapa kwa barafu. Aligombana na kaka yake Tarsis huko kwao Kilema kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji, akasema hatakanyaga nyumbani mpaka barafu ya Kibo iyeyuke yote. Kisha akashuka Dar, akafungua duka, akanenepa. Kiapo kama hicho hakimsumbui mtu.

Tarsis, ingawa ndiye mkubwa na ndiye aliyekuwa na haki, akamtumia isale. Huo ni mmea ambao Wachaga hupelekeana kuombana msamaha, na anayeupokea hana ruhusa ya kukataa. Melkiori hakukataa. Aliupanda kwenye kopo la samli hapo mlangoni, akasema msamaha ameupokea, anangoja barafu tu. Mmea ukashika. Mimi ndiye niliyekuwa naumwagilia, kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo yangu.

Halafu barafu ikaanza kumsaliti. Wachaga waliporudi kutoka kula Krismasi walisema weupe wa Kibo unazidi kupanda juu. Wengine walilaumu joto, wengine misitu iliyokatwa. Melkiori aliwaonyesha kalenda yake ukutani, Kibo cheupe pe, kalenda ya kabla ya Uhuru. Walipombana sana, alisema kupungua si kuisha.

Mwaka ule wa foleni za sukari, dada yao Theopista akashuka na basi. Alisema Tarsis ni mgonjwa wa kitandani. Ule mfereji waliougombania umekauka, hakuna tena maji wala zamu. Tarsis anataka tu kumwona mdogo wake.

"Na barafu?" Melkiori akauliza.

"Ipo kidogo," Theopista akasema.

"Basi bado."

Nilimwambia mbele za wateja kwamba ana roho mbaya. Akaendelea kupima chumvi.

Wiki haikupita, jina la Tarsis likasomwa redioni kwenye matangazo ya vifo. Melkiori alifunga duka mchana kweupe, akang'oa isale na mizizi yake, akaondoka nayo kwenda kuipanda kaburini.

Aliporudi nilikuwa nimemwekea maneno makali. Nilipomwona uso nikayameza, nikampa glasi ya maji, nikamuuliza kama mlima ameuona.

"Nimeuona, dada Sofia. Tumemlaza akiutazama." Aliishika ile glasi bila kunywa. "Barafu bado ipo. Kumbe ningeweza kwenda siku yoyote."