Mkono wa Baba Mdogo

Fundi alipofika ukurasa wa tisa wa rasimu ya kitabu, damu ilimchemka. Kaka yake, mkurugenzi wa kampuni, ndiye aliyeandika kitabu hicho cha historia: miaka arobaini ya familia yao kuhamisha mizigo mizito. Kurasa nane za mwanzo alikuwa amezitia chumvi tu. Ati marehemu baba yao alivuta boila la kwanza kwa winchi ya mkono na magogo, peke yake. Peke yake! Boila la tani kumi na mbili! Na mdogo wake, Baba Mdogo, alikuwa wapi, likizo? Hayo angeyameza. Lakini ukurasa wa tisa ulisema hakuna mtu aliyewahi kuumia kazini, na kwamba mwanzilishi, kwa busara zake, aliweka kanuni: aliyefunga minyororo ndiye pekee anayempa ishara mwendesha kreni.

Busara, jamani! Kanuni ile ilinunuliwa kwa mkono wa Baba Mdogo. Alikuwa bado anakaza mnyororo wa mwisho, mtu mwingine akampungia mwendesha kreni, kreni ikainua, na mkono wake ulikuwa kati ya mnyororo na chuma. Watoto waliambiwa aliyepunga ni baba yao. Fundi alikua akimpenda baba huyo na kumchukia kidogo kwa jambo hilo moja.

Alishuka ngazi mbilimbili hadi uani. Baba Mdogo alikuwa juu ya tela, akikagua minyororo ya transfoma waliyokuwa wanaipeleka asubuhi ile. Wafanyakazi walimwita Nusu Tani, maana kwa mkono mmoja aliwashinda wenye miwili.

"Baba Mdogo, umeona huu upuuzi?"

Alisoma taratibu, midomo ikicheza. "Uandishi mzuri."

"Mzuri nini? Amekufuta! Ukurasa huu naufuta mimi. Naandika wazi kwamba baba ndiye aliyepunga."

"Baba yako hakupunga, binti yangu. Baba yako alikuwa chooni."

Fundi alimtolea macho.

"Aliyepunga ni kaka yako. Alikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Unadhani kwa nini baba yenu hakumruhusu tena kugusa hata mnyororo wa baiskeli, akampa meza na kalamu?"

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilimwambia baba yako nitanyamaza mpaka kijana aje mwenyewe aniambie pole. Nikadhani itachukua wiki moja." Alimrudishia karatasi zake. "Huu ni mwaka wa ishirini na sita."

Fundi alimteremsha kwenye tela, akamshika kiwiko na kumvuta mpaka ofisini kwa kaka yake. Hakubisha hodi. Alizitupa karatasi juu ya meza, kikombe cha chai kikapinduka.

"Sema nani alipunga!"

"Una wazimu? Nina wateja wanakuja..."

"Sema!"

Mkurugenzi aliiangalia chai ikitambaa mezani. Akaangalia shati la Baba Mdogo, jinsi mkono mtupu wa kulia ulivyokunjwa na kubanwa kwa pini. Fundi, pamoja na hasira zake zote, alijikuta akimwombea kaka yake: sema, bwana, ni neno moja tu.

"Baba Mdogo," kaka yake alisema hatimaye, "tatizo ni kwamba kitabu kimeshakwenda kuchapwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Haya. Twende, mama, mzigo unatungoja."

Fundi hakwenda. Alifunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, akamsogezea Baba Mdogo kiti kizuri, kile cha wageni.

"Kaa, Baba Mdogo. Leo hatoki mtu humu."

"Wateja wameshafika getini!" kaka yake alifoka. "Wanasubiri!"

"Wasubiri. Na huyu je?"