Karatasi ya Biolojia

Binti wa kinyozi aliitwa Redio tangu darasa la kwanza, kwa sababu hakujua kunyamaza. Alianza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri, na mama yake, mpishi wa shule ya chekechea, alimwambia kila asubuhi, "Mwanangu, kunywa chai kwanza ndipo uanze taarifa ya habari."

Mwaka wa mtihani wa kumaliza sekondari ulipofika, Redio aliomba akadurusu kwenye duka la baba yake. Nyumbani, alisema, kitanda kilikuwa kinamwita. Baba akamsogezea meza chini ya feni, na Redio akabandika ukutani ratiba aliyoichora mwenyewe. Kila mada ilikuwa na kiduara chake: kijani maana yake naijua, njano nababaisha, nyekundu sijui kitu. Kila Ijumaa alijipima na kupaka rangi upya. Wekundu ukawa unapungua, na baba akawa anavimba kichwa. Alishika kitabu cha maswali mkono mmoja na mashine mkono wa pili, akauliza huku ananyoa.

"Haya, kazi za ini?"

Redio alizimwaga zote bila kuinua kichwa. Wateja walicheka, wakapiga makofi. Babu mmoja mwenye upara, ambaye hakuwa na hata unywele wa kunyolewa, alikuja tu kumsikiliza. "Huyu ndiye daktari wangu," alisema. "Nikiugua mnilete hapahapa."

Mwalimu wa biolojia naye alinyolewa pale. Siku moja, akiwa bado na poda shingoni, alimwambia kinyozi, "Mtoto anajua, sibishi. Ila mtihani hauna masikio. Mpe karatasi ya mwaka jana, mwekee saa, halafu nyamazeni."

Jumapili duka likafungwa. Redio aliketi mbele ya karatasi, baba akawa anasafisha vitana na kufagia polepole asimsumbue. Saa ilipolia baba aliichukua ile karatasi. Jina lilikuwepo. Chini yake, kwenye swali la kwanza, palikuwa na maneno mawili: "Ini ni." Basi.

Baba akacheka. "Leo umeamua kunitania."

Redio hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu kama mtu anayeing'ang'ania asianguke, na jasho lilikuwa limelowesha kola yake.

"Maneno yapo, baba. Nayaona kabisa. Nikigusa karatasi yanaondoka."

Kinyozi alishtuka, akafanya jambo pekee alilolijua. "Kazi za ini?" akauliza haraka haraka. Na Redio akazitaja, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja, huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Kuanzia hapo hawakulala kwa amani. Mwalimu alisema ni wasiwasi wa kawaida, avute pumzi ndefu kabla ya kuanza. Wakavuta pumzi, baba na binti, wameketi kwenye viti vya wateja wakitazamana kwenye kioo. Wakaondoa saa. Wakabadilisha kalamu. Wakaanzia maswali mepesi. Siku moja Redio aliandika ukurasa mzima, na baba akatoka mbio kumnunulia soda kama mwendawazimu. Jumapili iliyofuata karatasi ikarudi nyeupe.

"Labda unamganda sana," mama alisema. Kinyozi akakaa nje ya duka. Hali ikawa ileile.

Ijumaa moja alimkuta Redio amesimama ukutani na kalamu nyekundu, anapaka juu ya vile viduara vya kijani. Moyo. Figo. Ini.

"Hivi unavijua!" baba alipaza sauti.

"Navijua ukiwepo. Chumba cha mtihani utakuwepo?"

Kesho yake kinyozi alivaa shati la harusi akaenda kwa mkuu wa shule kuomba binti yake aulizwe kwa mdomo. Mkuu alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, hilo huombwa mapema, tena kwa cheti cha daktari. Sasa muda umepita. Na tungeandika nini? Mikono yake mizima."

"Mizima, ndiyo," kinyozi alijibu, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Siku ya biolojia alimsindikiza. Getini mlinzi akanyoosha mkono: wazazi mwisho hapa. Redio alimgeukia baba yake kana kwamba anasubiri kitu. Kinyozi alitaka kumwambia neno la maana, lakini lililotoka ni, "Umechukua rula?" Binti akaitikia kwa kichwa, akaingia. Kinyozi alibaki kwenye uzio akitazama safu ya madirisha, asijue la binti yake ni lipi, mpaka mlinzi akamwambia kwa upole, "Nenda kazini, mzee. Hapa husaidii kitu."

Alikwenda. Babu mwenye upara akauliza daktari wake yuko wapi, na kinyozi akawasha mashine ili asijibu.

Redio alirudi jioni. "Nimeandika kidogo," alisema, akaenda kulala na viatu. Mama alimvua, akamfunika. Hakuna aliyeuliza kidogo ni kiasi gani.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amepita masomo machache, kwa shida. Biolojia alikuwa amepata alama ya mwisho kabisa. Mwalimu alikuja nyumbani, akasimama mlangoni bila kukaa. "Darasa zima yeye ndiye aliyekuwa akinijibu," alisema. "Sielewi."

Kwa muda mrefu Redio hakusema lolote mezani, na nyumba ikawa kama imehamwa. Halafu asubuhi moja akasema atarudia.

Baba aliweka kikombe chini, uso ukachangamka. "Meza yako ipo. Nitakutafutia maswali mapya, nita..."

"Hapana, baba. Safari hii nitajipanga mwenyewe. Hapa nyumbani."

"Hata kuuliza nisiulize?"

"Usiulize." Alisema bila hasira. "Nikikujibu wewe, sitawahi kuijibu karatasi."

Jumapili hiyo Redio aliingia chumbani na karatasi ya maswali, akafunga mlango. Kinyozi na mkewe walikaa uani, yeye anamenya viazi ovyo ovyo mpaka mkewe akamnyang'anya kisu.

"Anaandika?" mama alinong'ona.

"Sijui."

"Nenda kasikilize basi."

Akaenda akategesha sikio mlangoni, akakaa hapo kitambo, akarudi.

"Kalamu haisikiki hata mtu akiandika," alisema, akaketi tena.