Breki za Pikapu ya Khemais

Pikapu ya shemeji yangu Khemais ina umri wa miaka arobaini na sita, na kwa miaka arobaini na mmoja kati ya hiyo hakuna mkono uliofungua nati yake isipokuwa mkono wake. Nasema hivyo kwa heshima, na mimi si mtu wa kugawa heshima ovyo. Nilisoma shule ya bweni mjini Sfax, ambako kitanda kilichotandikwa vibaya kilivuliwa mashuka mbele ya bweni zima. Baada ya hapo nilipima ardhi ya serikali miaka thelathini na mitatu bila kusogeza jiwe la mpaka kwa ajili ya mtu yeyote. Kazi nzuri naitambua. Khemais aliacha masomo darasa la sita, na kazi yake ni nzuri.

Huifanyia uani kwake, chini ya paa la bati lililo kati ya tangi la maji na banda la kondoo. Spana zake zimetundikwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, na nyuma ya kila moja amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili inayokosekana ijulikane papo hapo. Kila anachokifungua hukilaza juu ya shuka kuukuu kwa mfuatano uleule wa kufunguliwa, na wakati wa kufunga huanzia mwisho wa shuka. Sijapata kumwona akibaki na nati moja mkononi, akijiuliza ilitoka wapi.

Lakini mwaka jana pikapu ilianguka mara mbili kwenye ukaguzi wa serikali. Bila karatasi ya ukaguzi haikuweza kuingia barabarani, na zeituni za wiki ya kwanza zikakaa kwenye magunia siku nne, zikapata joto, mafuta yakatoka makali kama siki. Dada yangu Mabruka, mke wa Khemais, alitoa hukumu yake mbele yangu.

"Ikianguka tena, unamwita yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Sili mafuta yale mwaka wa pili."

"Sawa," alijibu Khemais.

Alisema neno hilo moja tu, lakini neno la Khemais nalijua.

Mwaka huu ukaguzi ulipangwa Jumamosi saa mbili asubuhi, na mavuno yaanze Jumatatu.

Katika kijiji chetu mtu haendi kwenye ukaguzi na tairi zake. Huazima za jirani yetu Jilani. Anazo nne, mpya, amezifunika kwa turubai ghalani. Zimekwisha kupita mbele ya wakaguzi chini ya magari ya nusu ya kijiji, na kila mara hurudi ghalani kabla ya adhuhuri, naye mwenye gari hurudi barabarani na tairi zake zenye vipara. Hakuna anayeona haya. Nimesema mara nyingi, hata msikitini, kwamba huko ni kuidanganya serikali na kumhatarisha mwenzako anayevuka barabara. Khemais hakuwahi kusema lolote juu ya jambo hilo. Alinunua tairi mbili baada ya mavuno ya zeituni, na mbili nyingine baada ya mavuno ya lozi.

Ijumaa, tulipokwisha kula kuskusi, zilibaki breki tu. Alikuwa ametia raba mpya katika silinda zote, hata ile kuu, na sasa ilipasa kutoa upepo kwenye mabomba. Kazi hiyo inahitaji watu wawili, na Mabruka alikuwa akishona nyavu za kuvunia.

"Shemeji," Khemais aliniita, "mguu wako uliosoma haujakanyaga pedali bado. Njoo."

Nilikunja suruali na kuingia. Akanipa masharti yake kwa ufupi.

"Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shikilia, usiachie hata nyoka akipanda kitini. Kila baada ya mara tano, shuka, tazama kikombe cha mafuta ya breki, ujaze hadi mstari. Kikikauka, mabomba yote yanavuta upepo na kazi nzima imeharibika. Kopo ni hili moja."

Nilipenda namna alivyoamuru. Tulianza gurudumu la nyuma, lililo mbali zaidi, tukaja mbele kwa utaratibu. Kila niliposhuka, katika chupa ya kioo iliyopokea mafuta ya gurudumuni niliona mapovu yakipungua, kisha yakaisha. Tulikuwa gurudumu la mwisho, nami nimeshuka kutazama kikombe, kichwa cha Jilani kilipochomoza juu ya ukuta.

"Khemais! Tairi nimezipangusa. Zinang'aa kama bibi harusi."

"Nina zangu," sauti ikatoka chini ya gari.

"Zako! Utamshtua mkaguzi, bwana. Zangu amezizoea. Mwaka jana alizisalimia kabla ya dereva."

Sikuweza kunyamaza. Nilimweleza Jilani, kwa ukamilifu, maana ya saini ya mtumishi wa umma.

"Na wewe, bwana mpima ardhi," akasema, "lini umeanza kushika gari?"

"Nashika sheria."

"Basi ishike vizuri isije ikakuponyoka!"

Nilirudi kitini nimepandwa na hasira, bila kutia hata tone kikombeni, nikaanza kuhesabu upya. Tano. Kisha tano nyingine, kwa kuwa bado nilikuwa nikitunga jibu nililopaswa kumpa. Niliposhuka hatimaye, kikombe kilikuwa kikavu. Niliona chuma cha chini kikimetameta.

Nilimimina mafuta yote yaliyobaki kwenye kopo, nikafunga kifuniko, nikafuta ukingo kwa leso yangu.

"Kikombe kiko sawa?" Khemais aliuliza.

"Kiko sawa," nikasema. Na kwa wakati huo kilikuwa sawa.

Akaja kuijaribu pedali mwenyewe. Ilizama. Akakanyaga tena, ikazama tena. Alizunguka magurudumu yote manne, akipapasa kila kiungo kwa kidole na kukitazama kidole. Hapakuwa na unyevu popote. Kisha akaketi juu ya kreti la zeituni.

"Ni silinda kuu," alisema. "Raba nimeikalisha vibaya. Mikono yangu imezeeka, shemeji."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiisema vibaya mikono yake. Mabruka alikuwa amesimama mlangoni, sindano mkononi. Hakuonekana kufurahi.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Kwa hiyo mpigie yule mtu wa vyuma. Aje kesho."

Shuleni kwetu kosa lilikiriwa kwa kusimama wima, mikono ubavuni, bila kuambatanishwa na sababu. Nilishuka kwenye gari, nikasimama hivyo.

"Khemais, mikono yako haina kosa. Kikombe kilikauka nikiwa zamu. Nilikiona, nikakijaza, nikakuambia kiko sawa."

"Kaka!" Mabruka akapaza sauti. "Wewe? Wewe uliyenishtaki kwa Baba kwa tende mbili?"

Khemais aliinua kichwa.

"Kilikauka kabisa?"

"Hadi chini."

"Alhamdulillahi! Basi ni upepo tu!" akasema, akainuka kutoka kwenye kreti kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ana njaa tu. Hakuniuliza neno jingine, si siku ile wala baadaye.

Lakini kopo lilikuwa tupu. Mafuta ya ndani ya chupa Khemais hakukubali kuyarudisha, kwa sababu yalikwisha kubeba uchafu wa mabomba, na hajawahi kufanya hivyo. Maduka yangefunguliwa kesho saa nne.

"Jilani analo kopo," Mabruka alisema. "Halijafunguliwa." Wote wawili wakanitazama mimi.

Nilibisha hodi kwa Jilani nikiwa na mafuta hadi kwenye viwiko.

"Ehe! Umekuja kuchukua tairi?"

"Nimekuja kuazima mafuta ya breki."

"Ku-nini? Rudia, sikio langu hili bovu."

"Kuazima. Jumatatu utapata kopo jipya."

"Na ya kwenu yamekwenda wapi?"

Nilimwambia ukweli wote. Alicheka hadi akashika mlango, kisha akaniletea kopo, akanifuata na kuegemea ukutani kutusimamia. Tulirudia magurudumu yote manne, na kila nilipofika mara ya tano alipiga kelele, "Kikombe, bwana mpima! Kikombe!" Kila mara nilishuka kutazama. Alikuwa na haki.

Jua lilikuwa bado juu ya paa la bati Khemais aliponiambia nikanyage kwa nguvu zangu zote. Mguu ulisimama kama uliogonga mwamba.

Jumamosi mkaguzi aliinama mbele ya tairi, akapitisha kidole kwenye meno ya mpira.

"Hizi sizijui. Za nani?"

"Zangu," Khemais alisema.

"Zako mwenyewe?"

"Nimezinunua."

Mkaguzi akaandika kitu. Pikapu ilipopandishwa kwenye mashine ya kupima breki, mishale miwili, wa kushoto na wa kulia, ilipanda sambamba kama askari wa gwaride na kusimama pamoja. Akamwita mwenzake aje aone, kisha akapiga muhuri. Khemais aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, na nyumbani akaiweka mkononi mwa Mabruka. Mabruka aliisoma mbele na nyuma.

"Jumatatu alfajiri," alisema. "Magunia nimekwisha kuyakunja."

Jumatatu tulibeba zeituni zetu na za Jilani. Kwenye mteremko wa kinu cha kukamulia mafuta kondoo wa mtu waliziba njia. Khemais alikanyaga, pikapu ikasimama imenyooka, na hakuna gunia lililotikisika. Tulipofika uani pa kinu, kabla ya kuanza kupakua, aliniuliza kama kikombe kiko sawa.

Nilishuka, nikafungua boneti, nikatazama. Ndipo nikamjibu.