Mtaa wa Mabati wa Pasiansi

Mama Ajwang alikuwa anageuza dagaa wake mwaloni Pasiansi, kwenye ufukwe wa ziwa, pale wanawake wanapotandaza nyavu kuukuu na kuanika, alipotokea kijana ana kishikwambi mkononi na viatu vimejaa mchanga.

"Shikamoo mama. Mtaa wa mabati uko wapi?"

"Marahaba. Mtaa gani tena huo?"

Kijana, Josephat, alikuwa mtu wa ramani. Alisema picha ya setilaiti ya mwaka juzi ilionyesha mchanga mtupu hapo, na ya mwaka huu inaonyesha nyumba themanini za bati. Kama ni makazi holela, mpango mpya wa ardhi utayaondoa na ufukwe kufungwa.

Mama Ajwang akaangaza kulia na kushoto. Jengo lilikuwa moja tu, nalo ni choo.

"Baba, hayo mabati yako umeyakanyaga."

Josephat akaruka pembeni. Dagaa juu ya nyavu walikuwa wanang'aa juani kama bati jipya, mpaka macho yanauma. Dorotea, aliyekuwa akianika jirani na Mama Ajwang, alicheka hadi akakaa chini, lakini Mama Ajwang hakucheka. Watoto wake watatu walisomeshwa na mchanga ule. Ufungwe aende wapi?

"Hiyo ya mwaka juzi ilipigwa siku za mbalamwezi," akasema. "Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa. Hatuaniki kitu. Tafuta nyingine za siku za mbalamwezi uone."

Josephat akatafuta, akasogeza kidole, na kweli: nyumba themanini hazipo. Akapiga picha nyavu, akafuta neno "makazi" na kuandika "ardhi tupu". Jamani, huyu naye!

"Tupu ndiyo nini?"

"Ni eneo lisilo na matumizi, mama. Linaweza kupewa mwekezaji."

Dorotea akaacha kucheka. Mama Ajwang akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, maana hasira zilikuwa zimempanda na hakutaka kumtukana mtoto wa mtu.

"Kwenu wapi?"

"Misungwi."

"Baba yako analima nini?"

"Pamba."

"Ikishavunwa, shamba likabaki jeupe, nije nimgawie mwekezaji?"

Kijana akainamia kishikwambi. Akatazama orodha yake ya aina za ardhi: makazi, msitu, maji, ardhi tupu, shamba. Akajikuna kisogo.

"Mama, shamba lazima liwe na zao."

"Dagaa."

"Na mavuno?"

"Kila mwezi. Wa pamba anavuna mara ngapi?"

Josephat akaandika. Akaandika shamba, akaandika dagaa, kisha akamsogezea kishikwambi atie saini kwa kidole, mahali palipoandikwa "mkulima".

Mama Ajwang, ambaye jembe hajalishika tangu aolewe, akasaini bila kupepesa macho. Kisha akamgeukia Dorotea.

"Inuka, mkulima mwenzangu. Na wewe njoo usaini."