Waya Uliokatika kwenye Bawaba

Tangu aanguke ngazini, shingo ya fundi cherehani haikugeuka tena. Akiitwa, alizungusha mwili mzima. Hilo alishalizoea. Lililomkera ni kamera ya nyuma ya gari lake kuzimika, maana bila kamera hakuweza kurudi nyuma kutoka uani, na mapazia ya wateja yalikuwa tayari. Juzi alikisia kwa vioo, akaukwangua ukuta.

"Basi acha kuendesha," kaka yake alimwambia kwenye simu.

"Kilichokaza ni shingo, si akili," alijibu, akakata.

Asubuhi ile akachukua bisibisi. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwenye mdomo usiojua likizo, akatoka kutazama.

"Makubwa! Ukimaliza hiyo, wifi, unitengenezee na ndege."

"Shika tochi. Maneno baadaye."

Akafuta jicho la kamera. Skrini ikabaki nyeusi. Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, nzima, akairudisha. Akabandua kifuniko cha ndani cha mlango wa nyuma, vibanio viwili vikavunjika, na plagi ya kamera akaikuta imekaa sawasawa.

"Mwenye shoka hakosi kuni," wifi akasema, "ila wewe shoka lenyewe huna."

Fundi cherehani akaketi kwenye usukani, akatia gia ya rivasi. Wifi, aliyekwishachoka, akaubamiza mlango wa nyuma. Skrini ikamemeta, ikazima.

"Rudia!"

"Nirudie nini?"

"Kubamiza!"

Ikamemeta tena. Sasa akajua pa kutafuta. Suruali huchanika penye mkunjo, na mlango nao hujikunja kwenye bawaba. Akachomoa waya wa betri, akauvuta mpira unaofunika nyaya za pale juu. Waya mwekundu ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, umeshikwa na ganda tu.

Akausokota, akauzungushia utepe mweusi, akarudisha betri. Picha ikaja! Wifi akapiga makofi. Lakini walipofungua mlango kujaribu, waya ukachomoka. Ulikuwa mfupi mno.

Machozi yakamlenga. Shingo ilikuwa ikiwaka moto.

"Tuite fundi, wifi yangu," mwenzake akasema, safari hii kwa upole.

"Ngoja kwanza."

Akachomoa betri tena. Akakata kipande cha waya kutoka taa mbovu ya mezani, akakiunga kati ya ncha mbili, akaacha ulegevu wa kutosha mlango ujikunje utakavyo. Kisha akarudisha betri, akamfungulisha na kumfungisha wifi mlango mara ishirini, akihesabu kwa sauti. Picha haikutikisika.

Akapakia mapazia. Kwenye skrini akamwona wifi amesimama katikati ya lango, mikono kiunoni.

"Toka huko, nitakugonga!"

"Nahakikisha unaniona!"

"Nakuona mpaka ndala ulizovaa kushoto kulia!"

Wifi akatazama miguu yake, akacheka mpaka akainama. Gari likarudi nyuma taratibu, likapita lango, likanyooka barabarani. Hapo mlango wa abiria ukafunguliwa, wifi akajitupa kitini bila kualikwa.

"Twende. Kuyatundika hayo mapazia utapanda wewe, na shingo hiyo?"