Jiko Linalokuja Saa Sita

Jumatatu ya kwanza ya Machi 1986, Virgil Pruett, mkokotoaji wa gharama wa jeshi la Marekani huko Weilersbronn, Ujerumani, alichonga penseli na kupiga mstari katikati ya karatasi. Kushoto aliandika Kujenga, kulia Kukodi. Familia arobaini za askari zilikuwa tayari kwenye nyumba za kukodi, za majaribio, na hesabu yake ndiyo ingeamua waishi vipi miaka ishirini ijayo. Kufikia alasiri Kukodi ilikuwa imeshinda kwa mbali.

Kosa lilikuwa moja tu. Mpangaji wa Kijerumani akihama hung'oa jiko lake zima, makabati, sinki na tanuri, akaenda nalo. Pruett alizaliwa Nebraska, ambako jiko ni la nyumba kama lilivyo paa, basi hakuuliza. Upande wa Kujenga alitia bei ya majiko. Upande wa Kukodi hakutia hata senti. Rahisi inavunja upishi, na hapa upishi haukuwa na hata pa kuanzia.

Loretta Bascombe, mke wa sajenti, alihamia mojawapo ya nyumba hizo za kukodi, Mtaa wa Linden, na mtoto wa wiki tano. Jikoni alikuta mabomba manne ukutani. Jirani yake alikuwa akichemsha soseji kwenye mashine ya kahawa. Yeye alipasha maziwa juu ya pasi iliyogeuzwa. Akaenda ofisini kwa Pruett.

"Sitaki makubwa, Bwana Pruett. Nataka moto wa kuchemshia chupa. Mtoto kashaanza kuharisha."

"Mama, kila nyumba ina jiko. Imeandikwa."

"Basi niletee hiyo karatasi niipikie."

Alhamisi, kengele ya kanisa ilipogonga saa sita mchana, jiko la mpangaji wa zamani lilirudi. Lilikuja kwa miguu kutoka mji wa Heilbronn, alikohamia mwenyewe, likasubiri taa ya kijani njia panda, likapanda ngazi.

"Pangusa miguu," Loretta aliliambia, maana zamu ya kufagia ngazi ilikuwa yake wiki hiyo.

Likajipanga ukutani, dengu zikitokota juu yake. Majiko mengine yalifuata, moja kila nyumba. Moja lilikosea mlango, likaomba radhi kwa kugonga droo. Ilikuwa raha tupu: wanawake walikimbizana nyumba kwa nyumba na vijiko mkononi, wakionja, wakicheka hadi mbavu zikauma. Saa saba na nusu majiko yaliondoka, kwa kuwa wenye majiko walitaka kuoka keki ya alasiri. Saa tisa mtoto wa Loretta alilia njaa, naye akaichomeka tena pasi.

Ijumaa Pruett alifika saa sita kukagua. Alikula sahani mbili za dengu, akafungua tanuri, akaandika: Majiko yapo. Gharama, sifuri.

"Na saa tisa?" Loretta aliuliza.

"Mama, ukaguzi ni saa sita."

"Njoo saa tisa umsikie mwanangu!"

"Saa tisa nina kikao."

Jumatatu mkataba wa miaka ishirini ulitiwa saini. Siku hiyo, jiko lilipoanza kujinyoosha liondoke, Loretta alimlaza mtoto ndani ya sinki kavu juu ya taulo, akapanda kando yake, miguu ikining'inia. Mumewe, Curtis, alilishikia mlango.

"Mwambie mama mwenye jiko asante kwa dengu."

"Kesho saa sita nipo, baba. Usile huko kambini!"

Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Bi Öchsle, mwenye jiko, aliteleka maji mara lilipofika Heilbronn. Saa tisa mtoto alinyonya chupa iliyochemshwa, akalala.

Kila siku saa sita Loretta alirudi amepanda jiko, akala na mumewe, akaenda zake. Wiki ya tatu Pruett aliona kwamba sajenti Bascombe analala peke yake. Akamhamishia bweni la makapera, ambako majiko hayaruhusiwi kuingia, akaandika kwamba gharama ya nyumba moja imeokolewa, na Kukodi ikazidi kushinda.